SOMO KWA VIKUNDI VYA MASOMO: MSONGO WA MUDA MFUPI NA UWEZO WA UBONGO KUJIFUNZA



Masomo ya jarida letu aghalabu huhusu leja, mizani, mikutano na sheria za ushirika. Leo tunazungumzia chombo ambacho pasipo hicho leja haiandikwi wala mizani haisomwi, nacho ni ubongo wa mtu anayefanya kazi. Chombo hiki hakikaguliwi, wala hakina fungu katika bajeti ya chama. Hata hivyo hasara nyingi zinazoandikwa katika taarifa za ukaguzi huanzia humo.

Baada ya kulisoma somo hili na kulijadili, mwanakikundi aweze kueleza mambo matatu. Kwanza, ubongo unavyojibadilisha mtu anapojifunza. Pili, msongo wa muda mfupi unavyosaidia kujifunza na unavyozuia kukumbuka. Tatu, chama kifanye nini ili msongo wa msimu usigeuke kuwa hasara kwa chama au aibu kwa mtumishi asiye na kosa.

JIONI YA SIKU YA UNUNUZI

Tuchukue mfano. Ni kilele cha msimu. Tangu alfajiri wakulima wamepanga foleni mbele ya ghala. Karani wa mizani anataja uzito, katibu anaandika stakabadhi na kulipa. Jioni fedha zinahesabiwa, na sanduku linaonekana limepungukiwa na Sh. 18,000 zikilinganishwa na daftari la fedha. Mwenyekiti anauliza. Mweka hazina anauliza. Wanachama waliosalia uwanjani wanasogea dirishani kusikiliza. Katibu anaijumlisha safu mara ya kwanza, mara ya pili, hata mara ya tano, na kila mara anaijumlisha kwa njia ileile na kupata jibu lilelile. Akiulizwa ni mkulima gani aliyelipwa fedha nyingi siku hiyo, hakumbuki hata jina moja. Jasho linamtoka, na wanaomtazama wanalihesabu jasho hilo kuwa ni ungamo.

Asubuhi yake anakaa mezani na mweka hazina, wakilinganisha stakabadhi na daftari, moja baada ya nyingine. Kabla chai haijapoa, kosa linaonekana: mkulima mmoja alilipwa Sh. 486,000 kwa mujibu wa stakabadhi, na daftarini imeandikwa Sh. 468,000. Tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hakuna senti iliyoibwa. Lakini usiku ule mmoja umetosha kulieneza neno "mwizi" kijiji kizima, na neno hilo halifutwi kwa mstari wa kalamu nyekundu kama kosa la daftarini.

Mtu ni yuleyule, daftari ni lilelile, na elimu yake ya hesabu haikuongezeka usiku. Kwa nini basi jioni alishindwa na asubuhi akaweza? Jibu lake ndilo somo letu.

UBONGO HUJIBADILISHA

Zamani watu wengi walidhani kwamba ubongo wa mtu mzima ni kama tofali lililokwisha kuchomwa: umbo lake haligeuki tena. Leo yajulikana kuwa sivyo. Ubongo una mabilioni ya chembe za neva, na kila chembe huunganishwa na nyingine nyingi. Mtu anapojifunza jambo, miunganisho hiyo huongezeka nguvu mahali fulani na kupungua mahali pengine. Ni kama njia ya miguu inayokwenda shambani: ikipitwa kila siku hupanuka na kuwa nyepesi kupitika, ikiachwa, majani huifunika.

Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walitangaza matokeo ya majaribio waliyofanya juu ya sungura huko Oslo, Norway. Walionyesha kwamba njia ya neva ikichochewa kwa mfululizo wa haraka, mawasiliano ya chembe zake huimarika, na uimara huo hudumu kwa saa nyingi. Mwaka 2000 watafiti wa London, wakiongozwa na Eleanor Maguire, walipima ubongo wa madereva wa teksi wa mji huo, ambao hulazimika kujifunza maelfu ya mitaa kwa moyo kabla ya kupewa leseni. Waliona kwamba upande wa nyuma wa sehemu inayohusika na kumbukumbu za mahali ulikuwa mkubwa zaidi kuliko kwa watu wengine.

Sehemu hiyo huitwa hipokampasi. Imo ndani ya ubongo, moja kila upande, nayo ndiyo inayopokea mambo mapya na kuyafanya yawe kumbukumbu. Msomaji aikumbuke pamoja na nyingine mbili. Amigdala ni ndogo kama lozi, na kazi yake ni kutambua hatari na kupiga mbiu. Sehemu ya mbele, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga, inayoshika tarakimu kadhaa kwa wakati mmoja, na inayotuwezesha kuacha njia moja na kujaribu nyingine. Kwa lugha ya chama, hipokampasi ni karani wa kumbukumbu, amigdala ni mlinzi wa ghala, na sehemu ya mbele ni mwenyekiti wa kikao.

MSONGO NI NINI?

Msongo ni hali ya mwili na akili inayotokea mtu anapokabiliwa na jambo linalomtaka zaidi ya kawaida, hasa akiona kwamba hana uwezo wa kulitawala. Mwaka 1936 Hans Selye, mtaalamu aliyefanya kazi Montreal, Kanada, alieleza kwamba mwili hujibu mashambulizi ya namna mbalimbali, kama vile baridi, jeraha au sumu, kwa mtindo mmoja unaofanana. Tangu hapo elimu hii imepanuka sana.

Hatari inapotambuliwa, hatua ya kwanza huja kwa sekunde chache. Tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, viganja hutoa jasho. Hatua ya pili huja polepole zaidi. Ubongo hutuma amri kwa njia ya damu, na tezi hizohizo hutoa homoni nyingine, kotisoli, ambayo hufikia kilele baada ya dakika ishirini, thelathini hivi. Kotisoli huingia katika ubongo wenyewe. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake wa New York walionyesha kwa kutumia panya kwamba homoni ya namna hiyo hushikwa hasa na hipokampasi, yaani yule karani wetu wa kumbukumbu. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa, kwa kuwa ulionyesha kwamba taharuki ya mwili hufika mpaka mahali pa kujifunzia.

Ni jambo gani linalowasonga watu wa siku hizi kuliko mengine? Mwaka 1993 watafiti wa Trier, Ujerumani, walitengeneza jaribio ambalo bado linatumika katika nchi nyingi. Mtu husimamishwa mbele ya jopo lisilotabasamu, akatoa hotuba ya kujieleza, kisha akatakiwa kutoa 13 kutoka 1,022, na 13 tena, na tena, kwa sauti. Akikosea huanza upya. Hapana simba wala mkuki, ila hesabu na macho ya watu, na kotisoli hupanda. Makatibu waliowahi kusoma mapato na matumizi mbele ya mkutano mkuu hawahitaji kuelezwa zaidi.

FAIDA YA MSONGO MFUPI

Isidhaniwe kwamba msongo ni adui tu. Msongo mfupi, wa kiasi, ni mwalimu. Sote twakumbuka mahali tulipokuwa tulipopata habari ya msiba, ingawa hatukumbuki tulichokula Jumanne iliyopita. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao wa California waliwaonyesha watu picha zilizoambatana na hadithi ya mtoto aliyegongwa na gari. Baadhi yao walikuwa wamepewa dawa inayozuia kazi ya adrenalini. Baada ya juma moja, wale ambao hawakupewa dawa walikumbuka sehemu ya ajali vizuri zaidi kuliko sehemu nyingine za hadithi. Waliopewa dawa hawakuwa na faida hiyo. Maana yake ni kwamba taharuki huwaambia karani na mlinzi wetu: "Jambo hili ni la maana, liandikeni kwa wino usiofutika."

Mwaka 2013 watafiti wa Berkeley, California, Elizabeth Kirby na Daniela Kaufer wakiwa miongoni mwao, waliwazuia panya wasijongee kwa saa chache tu. Msongo huo mfupi uliongeza kuzaliwa kwa chembe mpya katika hipokampasi. Walipowapima kumbukumbu baada ya siku mbili, hawakuona tofauti. Walipowapima baada ya majuma mawili, wakati chembe mpya zilipokuwa zimekomaa, panya hao walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Faida, basi, haikupatikana ndani ya msongo. Ilipatikana baadaye, msongo ulipokwisha kupita.

Panya si katibu wa chama, na hatuwezi kuhamisha kila jambo kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu. Lakini mafunzo haya yanaafikiana na tuyaonayo: karani mpya aliyesimamiwa kwa makini siku ya kwanza ya mizani, akakosea mbele ya watu na akasahihishwa kwa upole, hairudii tena hitilafu ile.

HASARA YAKE

Upande wa pili wa jambo hili haujulikani sana, nao ndio unaomhusu katibu wa mfano wetu. Msongo unaosaidia kuandika kumbukumbu mpya huzuia kuzisoma zile za zamani.

Mwaka 1998 Dominique de Quervain na wenzake waliwafundisha panya kutafuta jukwaa lililofichwa ndani ya maji. Siku iliyofuata waliwashtua kidogo kwa umeme kabla ya kuwapima. Panya waliopimwa dakika mbili baada ya mshtuko walikumbuka mahali pa jukwaa. Waliopimwa baada ya saa nne nao walikumbuka. Waliopimwa baada ya dakika thelathini ndio walioshindwa. Mwaka 2000 watafiti hao waliwapa watu kidonge cha kotisoni saa moja kabla ya kuwataka wakumbuke maneno waliyojifunza siku iliyotangulia, na watu hao walikumbuka maneno machache zaidi. Kumbukumbu haikupotea, ilikuwa imo, ila mlango wake ulikuwa umefungwa kwa muda.

Tulitazame jambo hili vizuri. Kamati inapoona upungufu hukasirika, humhoji katibu, kisha husema: "Tumpe nusu saa atulie, halafu aeleze." Nusu saa hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa maana ndipo kotisoli inapofikia kilele. Nia ni njema, lakini kipimo cha muda kimekosewa.

Hasara ya pili ni kuganda katika mazoea. Mwaka 2009 Lars Schwabe na Oliver Wolf wa Ujerumani waliwafundisha watu kuchagua vitendo vilivyowaletea chakula au kinywaji. Kisha waliwashibisha kwa kimoja, ili kisitamanike tena. Watu waliokuwa watulivu walibadili uchaguzi wao. Waliokuwa wamepatishwa msongo kabla ya mafunzo waliendelea kutenda yaleyale, ingawa hayakuwa na faida kwao. Chini ya msongo mwenyekiti wa kikao, yaani sehemu ya mbele ya ubongo, hulegea, na mazoea hushika usukani. Ndiyo sababu katibu wetu aliijumlisha safu ileile mara tano badala ya kuiacha na kulinganisha stakabadhi. Hakuwa mjinga, wala jasho lake halikuwa ushahidi wa wizi. Ubongo wake ulikuwa umepoteza kwa muda uwezo wa kubadili njia.

Jambo hili halizipati kazi zote sawasawa. Tangu mwaka 1908, Robert Yerkes na John Dodson, katika majaribio ya panya, walionyesha kwamba kazi nyepesi hustahimili mchocheo mkubwa, lakini kazi ngumu huharibika mapema. Kubeba magunia huweza kuharakishwa kwa makelele; kutafuta kosa katika daftari hakuwezi.

KIPIMO NI MUDA

Wapiga ngoma wanafahamu kanuni hii. Ngozi ikilegea huisogeza ngoma karibu na moto; ngozi hukaza na sauti hutoka. Kisha huiondoa. Akiisahau motoni usiku kucha, asubuhi hukuta imepasuka. Ubongo nao ni hivyo: msongo mfupi huukaza, msongo usiokwisha huuharibu.

McEwen na wenzake waliwazuia panya kila siku kwa majuma matatu, wakaona matawi ya chembe za hipokampasi yamefupika. Habari njema ni kwamba msongo ulipoondolewa matawi yalirudi. Kwa binadamu, mwaka 2009 Conor Liston, McEwen na wenzao waliwapima wanafunzi wa udaktari wa New York waliokuwa wamekaa mwezi mzima katika msongo wa kujiandaa kwa mtihani mkubwa. Uwezo wao wa kuhamisha mawazo kutoka jambo moja hadi jingine ulikuwa umepungua. Baada ya mwezi mmoja wa utulivu ulirejea.

Basi katibu anayefanya kazi alfajiri hadi usiku kwa msimu mzima bila siku ya kupumzika, akalala saa nne tu, hafai kuhesabiwa kuwa mfano wa bidii. Yeye ni ngoma iliyosahauliwa motoni. Usingizi una kazi yake katika jambo hili, kwa sababu ni wakati wa usingizi ubongo unapoimarisha yaliyojifunzwa mchana.

CHAMA KIFANYE NINI?

Kwanza, mafunzo yatangulie msimu. Karani asijifunze kusoma mizani mbele ya foleni. Afundishwe kabla, kisha afanyishwe mazoezi huku wenzake wakimtazama na kumuuliza maswali, ili macho ya watu yasiwe kitu kigeni kwake. Msongo mdogo wa mazoezi huandaa njia. Na jambo lililozoewa vema ndilo linalobaki mkononi taharuki inapoingia.

Pili, kumbukumbu ihamishwe kutoka kichwani hadi ukutani. Hatua za kutafuta kosa ziandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ofisini. Mathalani: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi. Katika mfano wetu, 18,000 kugawanya kwa 9 ni 2,000 kamili. Kila katibu amefundishwa kanuni hii, lakini jioni ile hakuna aliyeikumbuka. Ikiwa tofauti inagawanyika kwa 2, tafuta kiasi kilicho nusu yake, huenda kimeingizwa upande usio wake. Kanuni hizi hazithibitishi kosa. Zaelekeza mahali pa kutazama.

Tatu, upungufu ukionekana, uwepo utaratibu usiotegemea hasira ya mtu wala huruma ya mtu. Fedha zihesabiwe mara mbili na watu wawili, kila mmoja peke yake. Tofauti iandikwe kwa wino na wote watie sahihi. Sanduku, daftari na stakabadhi vifungwe na kutiwa lakiri mbele ya Kamati, na funguo zishikwe na watu tofauti. Mahojiano yafanywe asubuhi. Kwa njia hii mwaminifu anapewa nafasi ya kukumbuka, na asiye mwaminifu hapewi nafasi ya kubadilisha kitu. Msongo usifanywe kichaka cha kujifichia wizi: ikiwa asubuhi, kwa akili tulivu na stakabadhi zote mezani, maelezo hayapatikani, sheria na ifuate mkondo wake.

Nne, wakati wa kulinganisha vitabu, dirisha la ofisi lifungwe. Wanachama wana haki ya kujua hesabu za chama chao, na haki hiyo itatimizwa kwa taarifa iliyobandikwa au kusomwa mkutanoni. Kumsimamia katibu mabegani hakuwaongezei ukweli, huwapunguzia.

Tano, msimu uwe na vituo. Kwa kila siku kadhaa za ununuzi iwepo nusu siku ya kufunga vitabu bila kupokea mazao. Zamu ya mizani ibadilishwe mchana. Gharama ya nusu siku ni ndogo kuliko gharama ya kosa lililolala daftarini hadi mkaguzi alifumbue.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Elezeni kwa maneno yenu tofauti kati ya kujifunza na kukumbuka. Msongo mfupi hufanya nini kwa kila kimoja?

2. Katika mfano wa Sh. 18,000, ni hatua zipi Kamati ilikosea, na zipi katibu alikosea?

3. Mwanachama mmoja anasema: "Mtu asiye na hatia hatoki jasho." Mtamjibuje?

4. Orodhesheni kazi za chama chenu zinazovumilia haraka, na zile zisizovumilia. Je, hizi za pili hufanywa saa ngapi ya siku?

5. Tungeni utaratibu wa chama chenu wa kushughulikia upungufu wa fedha, usiozidi hatua sita, ufaao kubandikwa ukutani. Katibu aupeleke mbele ya Kamati kabla msimu haujafunguliwa.

Vikundi vinashauriwa kulijadili swali la tano mpaka liishe, hata kama mengine yatabaki. Chama kilicho na utaratibu huo kabla ya siku ya upungufu kitalinda mambo mawili kwa pamoja: fedha za wanachama, na jina la mtumishi wao.